Unataka kwenda kuvua samaki kwa nzi? Chagua mto kwanza, hoteli baadaye

Leo siasa naiweka kando kidogo, tutairudia, maana haiishi.

Kuna swali ambalo naulizwa kila mara kwa sababu watu wanajua mimi ni wa huku karibu na Mlima Kenya: "Nikitaka kufanya safari ya kuvua kwa nzi, niende wapi?" Wanaouliza ni wa aina mbili. Kuna kijana ambaye ameona picha mahali na anataka kujaribu. Halafu kuna kijana anayetembeza wageni, ameambiwa na mgeni "nitafutie mto mzuri" na hajui aanzie wapi. Huyu wa pili ndiye ananihangaisha zaidi, kwa sababu akikosea anapoteza kazi. Mimi mwenyewe nilikosea, nitawaambia hapo chini. Basi nimeamua kuweka yote mahali pamoja, mtu a-print akitaka.

KWANZA, KUVUA KWA NZI NI NINI?

Kwa wale ambao hawajawahi kuona. Hutumii mnyoo wala kipande cha nyama. Unatumia ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi mpaka ifanane na mdudu au kisamaki kidogo. Huyo ndiye "nzi". Sasa huyo nzi hana uzito wowote, huwezi kumrusha kama jiwe. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, na nzi anaufuata nyuma. Ndiyo maana ukimwona mtu anavua hivi anapunga fimbo mbele na nyuma kama anafukuza nyuki. Hajachanganyikiwa!

Na msidhani ni mambo ya wazungu peke yao. Kenya imekuwa ikifunga nzi hawa kwa mkono na kuwauza ng'ambo kwa miongo mingi, na wengi wanaofanya kazi hiyo ni akina mama. Kuna mzungu anavua mto wa kwao Ulaya kwa nzi aliyefungwa na mama wa hapa hapa, na yule mama pengine hajawahi kumwona trauti akiwa hai.

PILI, CHAGUA SAMAKI KABLA YA MAHALI

Hapa ndipo wengi wanapoanza vibaya. Wanachagua mji au hoteli, halafu wakifika wanauliza "samaki wako wapi?" Anza na samaki. Samaki ndiye atakayekuambia maji gani, mwezi gani na vifaa gani.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Maji yakipita nyuzi 20 hivi anaanza kuteseka, kwa sababu maji ya moto hayashiki hewa ya kutosha. Hapa kwetu karibu na ikweta, maji baridi hivyo yako juu tu, kuanzia kama mita 1,800 kwenda juu. Kwa hiyo ukisema trauti, umesema milima. Ukisema sulisuli, umesema bahari. Ukisema samaki taiga, yule mwenye meno ya nje kama misumari, umesema mito mikubwa ya joto.

TATU, MILIMA: MLIMA KENYA NA ABERDARE

Hapa nitakaa kwa muda kwa sababu ndipo ninapopajua, na ndipo mtu wa mfuko mdogo anaweza kufika kwa matatu. Nyeri ni kama kilomita 150 kutoka Nairobi.

Trauti si mwenyeji. Mito yetu ya juu haikuwa na trauti hata mmoja. Mwaka 1905 mlowezi mmoja Mwingereza, Ewart Grogan, aliagiza mayai ya trauti kutoka Scotland, yakawekwa katika mto Gura kule Aberdare. Ndiyo, ni Grogan yule yule ambaye mwaka 1907 aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi. Nasema hili kwa sababu ukimtembeza mgeni utasikia hadithi tamu tamu za "waanzilishi". Wewe jua hadithi yote.

Kutoka hapo trauti walisambazwa mto hadi mto, na kituo cha kuzalisha vifaranga kikawekwa Kiganjo karibu na Nyeri. Leo utapata aina mbili. Kuna trauti wa kahawia, mwenye madoa, mjanja kupita kiasi, na kuna trauti wa upinde wa mvua, mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni, ambaye anaruka sana akishikwa.

Mito imegawanyika hivi:

1. Aberdare, upande wa Nyeri: Gura na Chania. Mito ya kasi, mawe makubwa, msitu mzito. Sehemu nzuri ziko ndani ya hifadhi ya taifa, ambako kuna ndovu na nyati, kwa hiyo usiingie bila askari wa wanyamapori. Mtu anayevua anaangalia maji, haangalii nyuma. Acha mwenye bunduki aangalie nyuma.

2. Mlima Kenya, kusini na mashariki: Sagana, Thego, Ragati, Rupingazi, Thiba. Hii yote inaishia mto Tana. Kuna kivuli kingi na vichaka vinavyoshika mshipi, kwa hiyo fimbo fupi ndiyo rafiki yako.

3. Mlima Kenya, magharibi: Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Sirimon. Hii inashuka kwenda Ewaso Ng'iro ya kaskazini. Ni mito midogo, unaweza kuruka baadhi kwa mguu, lakini samaki wamo. Huku ndiko kwetu.

4. Maziwa ya juu: Rutundu, Alice, Ellis. Yako zaidi ya mita 3,000, usiku baridi inakata mifupa. Rutundu ilipata jina duniani kwa sababu katika safari ya huko ndipo Prince William wa Uingereza alimwomba Kate Middleton wafunge ndoa, Oktoba 2010. Kama una mchumba na nauli, haya bana. Uzuri wa ziwa ni kwamba hakuna miti nyuma yako ya kunasa mshipi. Ubaya ni upepo.

Na kama hujawahi kushika fimbo kabisa, usianze na Gura. Tafuta shamba la trauti lenye mabwawa, yapo huku Naro Moru na Nanyuki. Unalipa, unajifunza kurusha, unashika wawili, unakula mmoja. Mtu akikuchekelea mwambie hata dereva alianza uwanjani.

NNE, MWEZI. HAPA NDIPO NILIPOUMIA

Mwaka 2019 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani, sina kazi ya maana. Mjomba wangu aliwahi kufanya kazi ya kubeba vifaa vya wavuvi, akanifundisha kidogo kidogo. Nikapata wageni wawili, baba na mtoto wake wa kiume, kupitia kwa rafiki. Wakaniuliza: "Tuna likizo mwishoni mwa Aprili, ni wakati mzuri?" Mimi nikaona pesa. Nikajibu, "Mzuri sana, karibuni."

Aprili, jamani! Masika yenyewe! Siku ya kwanza tulifika Sagana, maji yana rangi ya chai ya maziwa, yanavuma, magogo yanapita. Trauti anawinda kwa macho. Katika maji yale hawezi kumwona nzi hata ukimpitisha mbele ya pua. Siku tatu, samaki sifuri. Yule mtoto alianza kukaa ndani ya gari. Siku ya tatu mzee alikunja fimbo yake taratibu, akaniambia hana hasira na mvua, ila angefurahi kama ningemwambia ukweli aje Julai. Nilimrudishia nusu ya pesa. Ile nusu nyingine nilikuwa nimeshalipa nayo deni dukani.

Sasa shikeni kalenda hii ya milimani:
- Kuanzia Januari hadi mwanzo wa Machi: kiangazi, maji safi, wakati bora.
- Machi mwishoni, Aprili, Mei: masika. Kaa nyumbani.
- Mwisho wa Juni hadi Septemba: baridi lakini maji mengi ya siku ni safi. Upande wa Nanyuki unaweza kupata mvua Agosti.
- Oktoba hadi mapema Desemba: vuli. Ni bahati nasibu. Ukiwa na mwenyeji wa kukupigia simu asubuhi kukuambia rangi ya maji, unaweza kujaribu.

TANO, NJE YA MILIMA KWA KIFUPI

Pwani ya Kenya (Watamu, Malindi): huku wanavua sulisuli kwa nzi, yule mwenye pezi la mgongoni kama tanga na mdomo kama mkuki. Msimu wake ni kaskazi, Novemba hadi Machi. Kusi likichacha, Mei hadi Julai, bahari inachafuka na mashua nyingi za wageni zinapumzika. Unakodi mashua nzima, kwa hiyo mtu mmoja peke yake atalia. Muwe wanne mgawane.

Tanzania (bonde la Kilombero): mito ya Mnyera na Ruhudji ina sifa dunia nzima kwa samaki taiga. Wapo wanaopita kilo 9. Msimu ni kiangazi cha huko, takriban Agosti hadi Novemba, maji yakishuka. Lazima uzi wa mwisho uwe wa waya, la sivyo meno yake yanakata kama mkasi. Lakini safari hizi ni za kambi na vibali maalum, bei yake ni ya wenye nazo.

Uganda (Murchison Falls): kwenye Nile chini ya maporomoko kuna sangara, na wamewahi kutolewa wa zaidi ya kilo 100. Wengi huvua kwa chambo, wachache kwa nzi. Sangara pale yuko kwao. Ni katika Ziwa Victoria ndipo alipopelekwa, miaka ya 1950, akawamaliza samaki wengi wadogo wa asili. Ndiyo maana swali la "samaki huyu alitoka wapi" si la darasani tu. Kuna mamba na viboko, usiingie majini hata kwa kuthubutu.

Seychelles: visiwa vya mbali kama Alphonse na Cosmoledo, kolekole wakubwa ajabu. Ni maelfu ya dola kwa wiki. Nimekitaja ili mgeni akikitaja usibaki umekodoa macho.

SITA, VIBALI NA VIFAA

Vibali ni vitu viwili tofauti, watu huchanganya. Kuna leseni ya kuvua, ambayo ni mambo ya idara ya uvuvi, na kuna ada ya kuingia hifadhini, ambayo ni ya KWS na hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen. Kuwa na moja hakukupi nyingine. Msitu wa nje ya hifadhi nao una wenyewe, idara ya misitu. Bei hubadilika, kwa hiyo uliza wiki ile ile unayokwenda, usitegemee mtu aliyekwenda mwaka juzi. Na kwenye mito ya trauti ni nzi bandia tu, desturi ya tangu zamani. Ukionekana na mnyoo utaitwa jangili.

Vifaa: fimbo zina namba. Kwa mito yetu namba 3 hadi 5 inatosha. Samaki taiga anataka 8 au 9. Sulisuli anataka 12 kwenda juu. Kwa hiyo usimwambie mgeni "leta fimbo yako" bila kumwambia namba. Nzi weusi wanafanya kazi vizuri huku kwetu, na kuna mmoja maarufu anaitwa Kenya Bug. Nunua wa hapa, kwa mama wa hapa.

SABA, SWALI AMBALO HAKUNA ANAYEULIZA: MAJI YATAKUWEPO?

Hili ndilo lililonifanya niandike. Angalia tena ile kalenda. Wakati bora wa trauti ni kiangazi, Januari na Februari, maji ni safi kama kioo. Lakini hiyo ndiyo miezi ambayo kila mtu huku anamwagilia. Mashamba makubwa ya maua na mboga, na sisi wadogo wenye kabichi na viazi, sote tunavuta kutoka mto mmoja. Bomba la nyumbani kwetu nalo linatoka humo humo, siwezi kujifanya mtakatifu. Mama akikosa maji Februari, hatuna karo ya mdogo wangu.

Matokeo yake ni kwamba mito ya magharibi ya mlima huwa na maji juu msituni, lakini ukishuka kilomita chache unakuta mawe makavu na vidimbwi. Nimewahi kukuta trauti wamebanana kwenye kidimbwi kimoja kama abiria wa matatu ya jioni, na watoto wanawaokota kwa mikono. Siwalaumu watoto. Na walioko chini zaidi, wafugaji wa huko Ewaso Ng'iro, hao hawalilii trauti. Wanalilia maji ya kunywa.

Kuna vyama vya watumiaji wa maji kwenye mito hii, ambavyo Sheria ya Maji ya 2002 ilivitambua. Kazi yao ni kupanga zamu. Leo wa juu wanafungua, kesho wanafunga ili maji yashuke. Kikifanya kazi, mto unafika mbali. Kikilala, mto unafia njiani. Kwa hiyo kabla hujachagua mto, tafuta mtu wa chama cha maji cha hapo, umuulize maswali mawili: maji yanafika wapi kiangazi, na mifereji ya kwanza ya kuvuta iko wapi. Vua juu ya hiyo mifereji, ndani ya msitu. Huko maji ni baridi, samaki wana nafasi, na humsumbui mtu anayesubiri zamu yake ya kumwagilia.

Na ukimwona mgeni wako amefurahi, mpitishe pia pale chini palipokauka. Kijana mmoja wa kwetu aliniuliza "kwa nini umwonyeshe aibu yetu?" Mimi naona afadhali. Mgeni akijua kwamba mto unabaki hai kwa sababu kuna watu wanakubali kufunga bomba siku mbili kwa wiki, hatadhani samaki wake alitoka kwa hoteli.

NANE, MASWALI YA KUULIZA KABLA HUJALIPA HATA SHILINGI

1. Nataka samaki gani?
2. Mwezi wangu unafaa kwa samaki huyo? Kama haufai, naweza kubadilisha likizo?
3. Maji wiki hii yana rangi gani, na nani ameyaona kwa macho yake?
4. Vibali ni vingapi na vinalipwa kwa nani?
5. Mto unakauka kuanzia wapi?
6. Atakayenitembeza ni mwenyeji, na analipwa ngapi katika hiyo pesa yangu?

Hoteli inakuja namba saba. Kitanda hakikimbii.

Ukishika samaki ambaye huendi kumla, lowesha mikono kabla ya kumgusa, usimtoe majini kwa muda mrefu kwa sababu ya picha, na tumia ndoano iliyobanwa kijino chake ili itoke bila kumchana. Shika uso wake uelekee maji yanakotoka mpaka apate nguvu mwenyewe.

Ndugu zangu wanaotembeza wageni, mgeni akiuliza kuhusu Aprili, mwambie Julai. Utapoteza pesa ya siku tatu, lakini atarudi. Yule mzee wangu alirudi, Julai mwaka 2022, akiwa na mwanawe ambaye sasa ni mrefu kuniliko. Tulikwenda Burguret, juu msituni. Kijana alishika wanne. Mzee hakushika kitu, lakini safari hii alicheka.

Kama unajua mto ambao sikuutaja, au nimekosea mahali, andika hapo chini kwenye maoni. Na wa Kilombero na Murchison tuambieni hali ilivyo kwenu, msituachie sisi wa mlimani tu. Dakika zangu zinaisha, jamaa wa saiba ananiangalia vibaya. Tuonane wiki ijayo.